Mzee wa Kishungi Anataka Mahari

Mwanaharusi alikaa Makongeni, mjini Thika, miaka ishirini na miwili bila kukubali kwamba anakaa Makongeni. Ukimuuliza kwao ni wapi, alikujibu Kishungi, kisha akasubiri uonyeshe kuvutiwa. Ukiwa hukuijua Kishungi, na Thika nzima hakuna aliyeijua, alikutazama kwa huruma na kukufungia mahamri yako kimya kimya, kama mtu anayemhudumia yatima.

Kishungi kilikuwa kisiwa kaskazini ya Lamu. Kwa maelezo yake kilikuwa kikubwa, chenye mitaa na misikiti na minazi isiyo na idadi. Binti yake Safaa, aliyepelekwa huko mara moja akiwa na miaka tisa, alisema kwamba alikizunguka chote kwa miguu na kurudi akaikuta chai yake bado ya moto. Habari hiyo ilitajwa nyumbani mara moja tu, na haikurudiwa.

Asubuhi alikaanga mahamri mbele ya nyumba yake, karibu na msikiti. Jioni alikaanga viazi karai. Mume wake, dereva wa malori aliyemleta bara, alikuwa amefariki zamani, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na jiko la makaa. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini alikuwa na kazi nyingine aliyoifanya bure tangu siku aliyoshuka Thika, nayo ilikuwa kusahihisha Kiswahili cha wateja. Mtu aliyetaka mahamri mawili ya moto ilimlazimu ayaombe kwa ngeli yake. Akisema "nipatie mandazi mbili moto," alipewa kwanza somo, halafu mahamri, na wakati huo yalikuwa yamekwisha kupoa. Mbaluka, fundi wa viatu, alianza kufuata mkate mtaa wa pili ili asianze siku na mtihani.

Mwanafunzi wake sugu alikuwa Gachanja, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Kwa Gachanja herufi r na l zilikuwa mapacha. Alizipenda sawasawa na hakuweza kuzitambua. Aliuza mchere na sukali, na alijisifu kwamba duka lake liko mahari pazuri. Neno hilo la mwisho ndilo lililomuuma Mwanaharusi kuliko yote.

"Baba Idah," alimwambia mara nyingi, "mahali ni pa kukaa. Mahari ni ya kuolea. Ukiendelea hivyo utajikuta umeoa ploti."

Gachanja alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, na akaendelea vilevile kwa miaka. Halafu mwaka wa tisini na sita, mwanzoni, akashikwa na bidii ya ghafla. Kila alipopima mafuta ya taa alisikika akinong'ona "mahali, mahali, mahali." Siku moja Mwanaharusi alimsimamisha mbele ya wateja, akamtamkisha neno hilo mara kumi, na mara zote kumi ulimi ukagonga pale unapopaswa kugonga. Akampa hamri moja la zawadi, lililonukia iliki. Mwalimu akarudi nyumbani akiwa ametosheka. Hakujua kwamba ni ulimi tu uliofaulu. Mkono wa Gachanja haukuwa umeambiwa lolote, na sikio lake halikuwa limekwenda shule kamwe.

Wakati huo bahari ilikuwa ikiila Kishungi.

Mwanaharusi alilijua jambo hilo, ingawa hakupenda kulisimulia. Kisiwa unachokisifu kila siku huwezi kukisimulia kikipungua. Ulianza kuondoka ufuo ambapo mafundi walikuwa wakiunda vyombo. Ikafuata safu ya kwanza ya minazi, kisha kisima cha kati kikaingia chumvi, na wanawake wakawa wanasafiri kwa mashua kuteka maji ya kunywa. Mara ya mwisho alipokwenda, aliona mizizi ya minazi ikining'inia hewani juu ya mchanga, kama vidole vinavyotafuta kitu kilichokuwapo. Makaburi yalikuwa nyuma ya minazi hiyo. Mama yake alikuwa amezikwa humo miaka minne iliyopita.

Baba yake, Mzee Salim, alikuwa na miaka sabini na minne na nyumba iliyotazama maji. Mara tatu Mwanaharusi alimwomba ahamie Thika. Mara ya kwanza alisema haipendi baridi. Mara ya pili aliuliza kama huko Thika bahari husikika usiku. Alipoambiwa haisikiki, akauliza, kwa kutaka kujua kweli, kama ni hivyo watu hulalaje. Mara ya tatu alinyanyuka akaenda kulisha kuku. Mwanaharusi akakoma kuomba. Angeweza kuamini kwamba ng'ombe amekwea mnazi, lakini si kwamba baba yake ataomba pa kukaa bara.

Na ndipo mzee akaomba.

Hakuomba yeye mwenyewe. Alimtuma mjukuu wake Rayan, mtoto wa marehemu kaka yake Mwanaharusi. Rayan alipeleka kaa Lamu mjini kila Alhamisi, kwenye hoteli za wageni, na alikuwa na nambari ya simu ya dukani kwa Gachanja. Simu hiyo ilikuwa nyeusi, na kidude chake cha kuzungushia nambari kilifungwa kwa kufuli dogo, ili watu wapigiwe bila kupiga. Alhamisi hiyo laini ilikuwa ikikwaruza kama mtu anayekuna sufuria. Rayan alipaza sauti: "Mwambie shangazi, babu anataka mahali kwake kabla ya bamvua." Simu ikakatika.

Mtu yeyote wa pwani angelielewa neno la mwisho: yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanayojaa kupita kiasi na kuingia pasipowahusu. Gachanja alizaliwa Gatundu, bara kabisa. Alisikia mvua. Akachana karatasi ya kufungia sukari, akaandika kwa herufi kubwa, pole pole, akiwa na hakika ya kila neno:

MAMA SAFAA. BABA YAKO ANATAKA MAHARI KWAKO HARAKA. MVUA IKO KARIBU.

Mwanaharusi aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Kwa kawaida karatasi yoyote ya Gachanja aliisoma akitafuta makosa. Hii aliikagua vilevile, na r zote zilikuwa zimekaa vizuri: haraka, karibu. Basi alikuwa amejifunza, masikini. Na hata mvua ilikuwa na maana yake, kwani harusi nani huifanya kwenye matope?

Kwa hiyo mzee alitaka kuoa.

Mwanaharusi hakukasirika mara moja. Alianza kwa kuona haya, kisha akajikuta anamkumbuka mjane mmoja wa jirani kule Kishungi, mwenye mwendo wa madaha, ambaye siku zote alikuja kuomba chumvi, kisiwani ambako hata hewa ilikuwa na chumvi. Hapo ndipo hasira ilipopata mlango. Kesho yake alipanda gari akaenda Ruiru kwa Safaa, aliyekuwa akifundisha shule ya chekechea na kupanga chumba kimoja nyuma ya soko.

Safaa aliisoma karatasi, akacheka mpaka akashika mlango.

"Babu ako sawa," alisema. "Miaka sabini na nne na bado anapanga maisha. Mathe, si umwachie tu aoe?"

"Anaitwa mama, si mathe. Na haisemwi 'ako sawa'."

"Haya mama. Yu sawa sana."

Mwanaharusi hakucheka. Alisema kwamba wakati ule walipokuwa wakizungumza, bahari ilikuwa ikimkaribia mama yake kaburini, hatua baada ya hatua, na badala ya mzee kuweka mawe pale, anatafuta mke. Safaa akaacha kucheka. Akaenda kuweka chai.

Mwanaharusi alirudi Makongeni akiwa na jibu lake. Alivuka barabara moja kwa moja.

"Rayan akipiga," alimwambia Gachanja, "mwambie kwangu hakuna mahari."

Gachanja aliacha kupima sukari. Sikio lake, lile ambalo halikusoma, lilisikia neno lilelile ambalo Rayan alilisema, maana kwake lilikuwa moja. "Hakuna kabisa?" aliuliza.

"Kabisa. Mzee wa umri ule anaitaka ya nini?"

Gachanja alikuwa mtu wa kanisa na alijua kuheshimu mambo ya nyumba ya mtu, lakini hili lilimshinda. Alisema kwa upole kwamba mzee hahitaji kubwa. Hata ndogo ingemtosha. Mtu mwenye ngeli zake angesema padogo, na papo hapo mambo yangekwisha. Gachanja hakuwa na ngeli. Alikuwa na huruma tu.

"Hata ndogo sitoi," alisema Mwanaharusi.

"Baba yangu mimi nilimpa." Gachanja alisema hivyo bila kujisifu. "Alipozeeka. Na alikaa nayo mpaka akafa."

Mwanaharusi alimkumbuka mzee huyo. Alikuwa kipofu, na alitembea kwa kushika ukuta wa duka. "Ulimpa wewe mwenyewe? Na mama yako alisemaje?"

"Alifurahi. Si walikaa pamoja."

"Wote?"

"Ngai, Mama Safaa. Sasa ungetaka mama yangu akae wapi?"

Mwanaharusi alijitanda leso yake, akaelekea mlangoni. Aliondoka akifikiri kwamba ameishi na watu hawa miaka ishirini na miwili na bado hawajui, kwamba watu wa bara wana siri nzito chini ya makoti yao. Gachanja naye alibaki akimtazama mgongoni, akifikiri maneno hayohayo juu ya watu wa pwani.

Alhamisi simu ililia. Gachanja alisafisha koo. Alitaka ujumbe huu mbaya angalau aufikishe kwa Kiswahili kizuri, kwa hiyo alilitamka neno kama alivyofundishwa, ulimi ukagonga juu kwa usafi ambao mwalimu wake angeulilia. "Mama Safaa amesema kwake hakuna mahali." Rayan akauliza kama ni hakuna kabisa. Gachanja akasema kabisa, na kwamba mzee atulie na uzee wake. Hilo la mwisho Mwanaharusi alilisema kweli, akiwa mlangoni. Safari hii laini haikukatika. Rayan ndiye aliyeweka chini.

Baada ya hapo ng'ambo mbili za barabara zilipoa. Gachanja aliacha kununua mahamri, akisingizia tumbo. Mwanaharusi akaona kwamba amejiunga na upande wa bwana harusi, naye akahamishia ununuzi wake wa sukari kwingine. Kwa wiki tatu hakuna aliyesahihishwa na hakuna aliyekosea, na mtaa ukawa kama nyumba iliyofiwa. Mbaluka peke yake ndiye aliyerudi kula, akaomba mahamri mbili moto, na akapewa bila somo. Alishtuka, akauliza kama mama ni mgonjwa.

Ijumaa ya wiki ya tatu akaja Fahim. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa nazi na tende, mzaliwa wa kisiwa jirani na Kishungi, na kila alipofika Thika kituo chake cha kwanza baada ya swala ya alfajiri kilikuwa karai la Mwanaharusi. Siku hiyo alitoka msikitini, akasalimu kwa mbali, akasimama akitazama barabara.

Mwanaharusi alimsogezea sahani. Fahim akasema ameshiba.

Mtu wa pwani aliyesafiri usiku kucha, akasimama mbele ya mahamri yaliyotoka motoni na kusema ameshiba, huyo hana tumbo linalomsumbua. Ana neno. Mwanaharusi akaweka chini mwiko wake.

"Mahamri yangu yana nini, Fahim?"

"Hayana kitu, dada."

"Basi kula."

"Nimeshindwa," alisema Fahim, na bado alitazama barabara. "Siwezi kula kwa mtu aliyemnyima baba yake pa kulala."

Mwanaharusi alisema hakumnyima mtu pa kulala, alimnyima mke. Fahim akageuka. Akauliza mke gani. Mwanaharusi akasema yule wa jirani, muomba chumvi, na Fahim akamwambia kwamba yule aliolewa Mokowe tangu mwaka jana, na mumewe ana duka la vyuma.

Halafu, kwa kuwa aliona uso wake, alisimulia taratibu. Bamvua lilikuja kama walivyoliogopa. Maji yalipanda mpaka ndani, yakachukua jiko na kuta mbili, na kuku wote isipokuwa jogoo aliyekuwa juu ya paa. Mzee alikuwa analala chuoni, kwenye madrasa ya kisiwa, juu ya mikeka ya watoto, na asubuhi aliikunja kabla hawajaja kusoma. Watu walimwuliza kwa nini haendi kwa binti yake Thika, aliyekuwa akimwita siku zote. Alijibu, "Kwa mwanangu hakuna mahali." Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama mtu anayetaja saa.

Mahamri yaliungua karaini na hakuna aliyeyageuza. Mwanaharusi aliingia ndani, akatoka na ile karatasi ya sukari, akavuka barabara bila kuvaa viatu.

Gachanja alimwona akija, akajua kwamba wiki tatu zimekwisha, kwa heri au kwa shari.

"Soma hapa," alisema Mwanaharusi.

Gachanja alisoma. Aliposoma kwa mdomo, ulimi ulifanya kama ulivyofunzwa. "Baba yako anataka mahali kwako."

"Umeandika nini?"

"Mahali."

"Na mimi nilikuambia hakuna nini?"

"Mahali," alisema Gachanja. Akaitazama karatasi, akamtazama mwalimu wake, akaitazama karatasi tena. Ilimchukua muda, kwa kuwa mapacha hao hakuwahi kuwaona wakiwa wamesimama mbalimbali. Kisha akaweka mkono kichwani.

Pale ndipo Mwanaharusi alipaswa kumsahihisha. Maneno alikuwa nayo, ya miaka ishirini na miwili. Hakupata hata moja. Aliketi juu ya gunia la mchele, na kitu pekee alichosema ni kwamba baba yake anakunja mikeka ya watoto.

Gachanja hakujitetea. Alizunguka kaunta, akafungua mlango wa stoo ya nyuma. Magunia yalikuwa yametolewa. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, na ndani kulikuwa na kitanda cha chuma, godoro, blanketi mbili, na karai la kunawia. Alisema alikuwa amepatayarisha tangu Alhamisi ile. Alikuwa anangoja tu apate ujasiri wa kumwambia Rayan kwamba, kama kwa Mama Safaa hakuna, kwake iko.

"Hii ilikuwa ya baba," alisema. "Ile niliyokuambia nilimpa."

Mwanaharusi alicheka hapo, kwa machozi, na ni vigumu kusema kipi kilianza.

Hakungoja Alhamisi. Neno hili lilikuwa limekwishapitia simu mara mbili, na alikuwa ameona linavyotoka upande wa pili. Alimwachia Safaa ufunguo na Mbaluka karai, akapanda basi la Mombasa, kisha lile la Lamu lililokwenda kwa msafara na askari mbele kwa sababu ya majambazi wa njiani. Siku ya tatu Rayan alimvusha kwa mashua ya mashine, akamwongelesha kwa adabu tupu, kama abiria. Njiani kisiwa kilichelewa kuonekana. Alidhani ni macho yake. Halafu akatambua kwamba alikuwa akitafuta ile safu ya minazi, na safu ile haikuwapo.

Mzee Salim alikuwa ameketi barazani kwa chuo, jogoo wake kando. Alimwona, akanyanyuka, akamwambia, "Karibu mgeni." Hilo lilimuuma kuliko tusi. Alimpa mkeka, akamuuliza habari za safari, za Thika, za baridi. Hakuuliza la maana.

Mwanaharusi akamweleza. Alimweleza ulimi wa Gachanja, na mkono, na sikio; alimweleza bamvua lililogeuka mvua. Alipofika kwenye mahari mzee alimtaka arudie, kisha akamtaka arudie tena, na mara ya pili Rayan alikuwa amekwisha kuinama nyuma ya nguzo, mabega yanatikisika.

Mzee hakucheka. Alimvuta jogoo wake karibu, akamlaza manyoya.

"Yaani ulidhani bado ninaweza," alisema hatimaye.

"Nilidhani, baba."

Alionekana kupokea hilo kama zawadi ndogo, akaliweka mahali salama. Kisha akauliza, "Na lau ningekuwa nataka kuoa kweli, usingenipa?"

Mwanaharusi alikuwa amesafiri siku tatu kuomba radhi kwa kosa moja; hakuwa amejitayarisha kwa la pili. Alitazama chini. Alisema ukweli, kwamba angekataa, kwa ajili ya mama. Mzee akatikisa kichwa pole pole, akamchukua kwa mkono, wakaenda makaburini.

Bahari ilikuwa hatua kumi na moja kutoka kwa mama. Mzee alizihesabu kwa miguu yake mbele ya binti yake, kama alivyokuwa amefanya kila asubuhi. Mbele ya kaburi alikuwa amepanga mawe, marefu kwa mafupi, ukuta wa mtu mmoja mzee, na bamvua lilikuwa limeubomoa upande mmoja na yeye akaujenga tena. Mikono ya Mwanaharusi ilianza kuokota mawe yenyewe. Walifanya kazi mpaka alasiri. Mwisho mzee alisimama, akajipangusa, akasema kwamba ukuta huo hautazuia kitu, na anajua. Aliuweka ili aweze kuomba pa kukaa pengine bila kuona haya mbele ya mkewe.

"Basi twende, baba."

"Nilikwishaambiwa hapana."

"Uliambiwa na simu. Mimi nakuambia mwenyewe. Kwangu pana mahali, na kwa jirani pana mahali, na watu wawili wanagombana wewe ulale kwa nani."

"Huyo jirani," alisema mzee, "ndiye aliyetaka kunioza?"

Akakubali kwenda, ili amwone.

Alifika Makongeni mwezi wa nane, baridi ikiwa kali kabisa, akiwa amevaa koti la marehemu mkwewe juu ya kanzu. Alilala kwa binti yake usiku na kushinda kwa Gachanja mchana, katika kiti mbele ya stoo ile iliyopakwa chokaa, na hivyo ugomvi ukaisha bila mshindi. Gachanja alimwita guka, yaani babu kwa Kikuyu. Mzee alimsikiliza akiongea na wateja siku nzima, na jioni alimwambia binti yake kwamba yule mtu ana Kiswahili kitamu sana, kinachekesha, asikiharibu tena.

Kitu kimoja hakuzoea. Usiku alikaa kitandani akisikiliza, na hakukuwa na cha kusikiliza. Kwa hiyo Jumapili moja baada ya ibada, Gachanja alimchukua kwa pikapu yake kwenda darajani Chania, mahali ambapo maji huanguka juu ya miamba kwa sauti kubwa. Mwanaharusi alikwenda nao. Mzee aliegemea chuma cha daraja, akafumba macho, na kwa muda uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika.

Kisha akayafumbua. "Yanakwenda wapi maji haya?"

Gachanja, aliyefurahi kuulizwa kitu anachokijua, alieleza kwamba Chania inaingia mto Thika, na Thika inaingia Tana, na Tana inaenda mbali, Garissa huko, mpaka baharini.

"Bahari ipi?"

"Ni hiyo yenu tu, guka."

"Inamwagikia wapi?"

Hilo Gachanja hakulijua. Alimtazama Mwanaharusi. Mwanaharusi alilijua, na alitamani asilijue. "Kipini, baba," alisema.

Mzee aliijua Kipini, kusini kidogo ya Lamu. Alikuwa ameuza samaki huko ujanani. Alitazama maji yakipita chini yake, ya kahawia, mengi, yasiyochoka, yakielekea kwao. Akahesabu kitu kwa midomo.

"Kumbe ni nyinyi," alisema.

Gachanja alirudi nyuma hatua moja. "Guka, mimi niko na duka tu."

"Mchana na usiku mnamimina kwetu. Siku za Mungu zote. Halafu mtu akifika huku mnamuuliza, mzee, umehamia nini." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, na Mwanaharusi, aliyemjua miaka arobaini na sita, hakuweza kutambua kama alikuwa akitania. Jicho moja lilicheka. La pili lilikuwa Kishungi.

Gachanja alitazama mto, kisha mikono yake, kama aliyekutwa ameshika ndoo. Alivua kofia. "Pole, guka," alisema. "Pole sana. Hatukujua inafika kwako."

Mzee akaipokea ile pole, kwa uzito, kwa kuinamisha kichwa. Tangu bahari ianze kula kisiwa chake hakuna mtu aliyewahi kumwomba radhi, na hakujali sana kwamba huyu alikuwa muuza sukari. Alijiweka sawa koti. Akasema baridi imeingia, twendeni nyumbani, akatangulia mbele yao, ingawa njia hakuijua.